Vidole Vyenye Joto

Sauti ya Profesa Idrisa Ngwenje ilikatika katikati ya neno. Midomo yake iliendelea kucheza kidogo, kisha akatambua kwamba ukumbi haumsikii tena, akageuka kutazama ukuta ulio nyuma yake. Ukanda wa taa uliozunguka Ukumbi Mkubwa, ambao alipoanza kufundisha ulikuwa wa kijani, ulikuwa umegeuka mwekundu wote.

Wanafunzi karibu mia nne walikuwa kimya. Kila mmoja alikuwa na pete nyembamba ya kijivu kidoleni, pete ya chuo, na hakuna aliyekuwa anamtazama mzee usoni.

"Ya tatu hiyo," alinong'ona kijana mmoja safu ya nyuma.

Dkt. Subilaga Mwaipaja, aliyekaa viti viwili kutoka kwa kijana huyo, alimsikia. Hakuna mtu chuoni hapo ambaye hakujua maana ya mara ya tatu. Kwa Sheria ya Staha, kipaza sauti kikijifunga mara tatu kwa mhadhiri mmoja ndani ya muhula, mhadhiri huyo anasimama mbele ya kamati ya nidhamu. Na anayeendelea kusema baada ya kufungiwa anahesabiwa kwamba ametukana kwa makusudi, wala hana tena haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo Idrisa, mtu wa miaka sitini na kitu, aliyewahi kufundisha nusu ya wahadhiri wa chuo hicho, aliweka karatasi zake kwenye mkoba, akaweka sawa kofia yake, akashuka jukwaani na kutoka kwa mlango wa pembeni. Alikuwa akieleza jinsi watu wa milima ile walivyoomba mvua zamani, kabla ya misikiti na makanisa. Ndiyo kwanza alikuwa amefika mahali pa kusema kwamba wageni walipokuja na dini zao hawakukuta nyumba tupu.

Subilaga hakuwa amekuja kusoma historia. Alikuwa ametumwa kukagua mtambo, kwa sababu watu walishaanza kuuliza kama umeharibika, na mtambo ule aliubuni yeye. Aliinamia kishikwambi chake.

Pete ilipima mambo matatu: mapigo ya moyo, jasho la ngozi na joto la kidole. Lililokuwa kubwa ni hilo la mwisho, na ndilo lililompatia Subilaga jina. Mtu akivutiwa na jambo, moyo wake huenda mbio, lakini damu hubaki vidoleni na vidole huwa na joto. Mtu akiumizwa kwa maneno, mwili huirudisha damu ndani, na vidole hupoa. Pete ilisoma hayo yote, kisha ikatoa jibu moja tu kwenda ukutani: naumia, au siumii. Theluthi ya ukumbi ikisema naumia, kipaza sauti kinajifunga. Nani ameumia, ukuta haukujua. Hilo lilifungwa kwa funguo mbili, moja ya Subilaga na nyingine ya Makamu Mkuu wa Chuo, na ndani ya kila pete Subilaga aliagiza yachorwe maneno madogo: Kilichomo ni siri yako.

Kwenye kishikwambi aliona mistari isiyo na majina, iliyopangwa kwa safu tu. Aliikuza, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Mistari zaidi ya mia na hamsini ilikuwa imeporomoka kwa pamoja, kufumba na kufumbua. Subilaga alikuwa amepima watu waliofiwa, waliotukanwa, walioachwa. Hakuwa amewahi kuona watu wakiumia hivyo. Mmoja huumia neno likitamkwa, mwingine likishapita, mwingine akifika nyumbani. Hawa waliumia kama kwaya inayoingia kwenye kiitikio. Na kabla tu ya kuporomoka, mapigo yao yote yalikuwa yamenyooka kwa namna anayoijua mtu yeyote aliyewahi kupima moyo: walikuwa wamebana pumzi na kukaza mwili.

Mstari mmoja tu wa safu ya mbele haukufanana na wenzake. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio tangu mwanzo wa somo, na kidole chake kilikuwa na joto muda wote.

* * *

"Kwa hiyo unachosema," alisema Makamu Mkuu, Profesa Kastori Nyagawa, "ni kwamba wanafunzi wetu wanaigiza."

"Hawaigizi, Profesa. Wanabana pumzi. Pete haijui kwa nini kidole kimepoa. Inajua kimepoa tu."

"Na wewe ndiye uliyetuambia inajua."

Subilaga alitazama nje. Ofisi ile ilikuwa na dirisha pana lililotazama mlimani, ambako nyavu za kuvunia ukungu zilikuwa zimetandazwa kutoka kilele hadi kilele. Kwenye kochi chini ya dirisha alikaa Mchungaji Lwitiko Mwambungu, mwenyekiti wa Baraza la Imani. Baraza lile lilikuwa umoja wa makanisa na misikiti yote ya nyanda zile, na tangu serikali ilipoacha kuvitunza vyuo, lenyewe ndilo lililokijenga upya chuo, mabweni kwa maktaba. Mchungaji alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alipoingia Subilaga, alisimama kumsalimia na kumuulizia hali ya mama yake kwa jina.

"Daktari," alisema sasa, "niruhusu nikukumbushe jambo, siyo kwa ubaya. Yule binti aliyekuwa akivaa kitambaa cha dini yake, na mhadhiri akamfanya mfano wa ujinga kila Jumatatu, hadi akaacha chuo. Ulilia mbele ya baraza letu. Ukasema maumivu ya mtu hayajadiliwi na yule aliyemuumiza. Mimi niliyaandika maneno yale. Nayahubiri mpaka leo."

"Nakumbuka, Mchungaji."

"Leo wanafunzi mia na hamsini wanasema wanaumia, na wewe unataka tuyajadili maumivu yao."

"Hawajaumia. Ndicho ninachosema."

"Unawajua?"

"Siwajui. Siri ya pete ni—"

"Basi fungua," alisema Makamu Mkuu, akifungua mikono yake miwili juu ya meza. Alikuwa hodari wa kuutoa mzigo kwake na kuuweka kwa mwingine bila kuonekana anasukuma. "Una ufunguo wako, nami nina wangu. Tuletee majina mbele ya kamati, tuone nani alibana pumzi. Ikiwa kweli walipanga, Profesa Ngwenje anarudi darasani siku hiyo hiyo. Nakuahidi. Bila majina, Daktari, hizo ni chati tu."

Subilaga alimgeukia Mchungaji, akitegemea kwamba huyo atapinga. Mchungaji alitikisa kichwa kukubali, tena taratibu, kama mtu aliyekuwa akilingojea neno hilo.

"Sina kipingamizi," alisema. "Waliodanganya waonywe. Lakini siri ikishafunguliwa, nasi Baraza tungependa kuona na upande wa pili. Kuna vijana waliokaa wakisikiliza mambo yale na hawakuumia hata chembe. Watoto wa waumini. Wale hatutawaadhibu, Daktari. Tutawaita tuzungumze nao, na wazazi wao wakiwepo."

Subilaga alihisi vidole vyake mwenyewe vikipoa. Alijaribu kueleza. Alisema pete ilitengenezwa ili mnyonge asikike bila kulazimika kusimama, na kwamba siku itakapotumika kumsaka asiyeumia, hakutakuwa na mtu atakayethubutu kuvutiwa na kitu. Makamu Mkuu alimsikiliza kwa adabu, huku akiangalia saa. Alipomaliza, alimkumbusha kwamba kamati inakaa Ijumaa.

* * *

Siku iliyofuata, mchana, binti mmoja alibisha hodi maabara. Alikuwa mrefu, amevaa sweta la Umoja wa Wanafunzi wa Imani, na alisimama mlangoni mpaka alipoambiwa aingie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Naitwa Atuganile. Wanasema Ijumaa utafungua pete."

"Nani wanasema?"

"Baba. Baba yangu ni Mchungaji Mwambungu."

Subilaga aliweka chini bisibisi aliyokuwa nayo. Sasa alimkumbuka: safu ya mbele, kiti cha katikati.

"Mtu akifungua," Atuganile aliuliza, "ataona nini kwangu?"

"Sijui. Sijafungua ya mtu."

"Mimi ndiye ninayetoa ishara, Mwalimu. Nikigusa nyusi, wote wanabana pumzi. Tulijifunza kwenye kambi ya maombi. Si vigumu, unabana pumzi na kukaza miguu, kidole chenyewe kinapoa." Alisema haraka, kama mwanafunzi anayekariri. Kisha akapunguza. "Mimi nabana pia. Ila siku ile niliona taa ndogo ya pete yangu, ile anayoiona mvaaji tu. Haikubadilika rangi."

Subilaga alimweleza. Alimwambia habari ya damu na vidole, na kwamba mtu anayevutiwa sana na jambo huwa na joto ambalo kubana pumzi hakuliondoi upesi. Binti alikitazama kidole chake kwa uchungu, kama kitu kilichomchongea.

"Nilitakiwa nitoe ishara mapema," alisema. "Wenzangu waliniangalia, nikajifanya sioni. Nilitaka amalize ile ya nyumba tupu. Halafu nikaona nikizidi kuchelewa watajua, nikagusa nyusi." Alikifunika kidole kwa mkono mwingine. "Kila Jumapili baba ananiuliza, yule mzee bado anafundisha?"

"Njoo Ijumaa useme haya."

"Niseme nini?"

"Haya uliyoniambia. Huna haja ya kufunguliwa pete. Unasema mwenyewe, kwa mdomo wako, na mzee wa watu anaokoka."

Atuganile alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mwalimu, wewe ukifukuzwa hapa utapata chuo kingine. Mimi baba ni mmoja. Mama hayupo. Nikitoka pale nyumbani nakwenda kwa nani?"

Kuna majibu mengi ambayo mtu wa makamo anaweza kumpa binti wa miaka ishirini, na yote ni rahisi kwa yule asiyelala kwenye nyumba ile.

"Sitafungua," alisema mwishowe. "Yale maneno yaliyomo ndani ya pete yako niliyaandika mimi."

Binti alishukuru, akaondoka. Subilaga alibaki amesimama, na hasira ikampanda, kwanza juu ya Mchungaji, kisha juu ya Makamu Mkuu, na mwisho juu ya binti mwenyewe, aliyekuja kuchukua ahadi na kumwachia yeye gharama yake.

* * *

"Mtaje," alisema Idrisa.

Walikuwa ofisini kwake. Idrisa alikuwa ametoka kuswali alasiri, mkeka ukiwa bado umetandikwa kati ya marundo ya vitabu. Subilaga alikuwa amemweleza kila kitu isipokuwa jina.

"Siwezi, kaka Idrisa."

"Basi usimtaje. Fungua pete, zimtaje zenyewe."

"Nikifungua, watawaita na wale wasioumia. Wamesema wazi. Wataitwa mmoja mmoja na wazazi wao."

"Wataitwa." Idrisa alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanzu. "Mimi nimeitwa mara ngapi? Wakati naandika kile kitabu cha matambiko niliitwa msikitini kwangu, nikaulizwa kama bado naswali. Nikawajibu ninyi mnaniona safu ya kwanza kila alfajiri, mnaniuliza nini? Nikarudi nyumbani. Kuitwa hakuui."

"Wewe ulikuwa mtu mzima mwenye nyumba yako."

"Na wao ni watu wazima. Ni chuo kikuu hiki, Subi. Siyo chekechea."

Subilaga aliangalia mkeka. Huyu ndiye aliyempokea chuoni alipokuja akiwa msichana kutoka kijijini. Ndiye aliyemfundisha kwamba swali halina adabu mbaya, lenye adabu mbaya ni jibu linalokataa kuulizwa.

"Sikiliza," Idrisa aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Sijali wakinichukia. Mtu akisikia habari zangu hadi mwisho, akakereka, akasimama akanijibu, mimi nafurahi, hiyo ndiyo kazi. Lakini hawa hawajanichukia. Hawajanisikia hata. Nafukuzwa kwa uongo wa kubana pumzi, na mtu mmoja duniani ana uwezo wa kuuonyesha uongo huo. Na mtu huyo ni wewe, umekaa hapo unaniambia habari za ahadi."

"Niliwaahidi watoto elfu nane, kaka."

"Na mtambo huo huo ulipokuwa unaingizwa hapa, mimi sikukupinga. Wenzangu walipinga, nikawaambia mwacheni Subilaga, ana moyo safi. Hiyo nayo haikuwa ahadi?"

Subilaga alisema atatafuta njia nyingine, atawaonyesha kamati kwa macho yao. Idrisa alirudisha miwani usoni, akavuta kitabu kutoka kwenye rundo na kuanza kusoma, na ilikuwa wazi kwamba hasomi.

* * *

Ijumaa kamati ilikaa chumba cha mikutano cha utawala: Makamu Mkuu mezani katikati, Mchungaji Mwambungu kulia kwake, kushoto kwake katibu wa Baraza, ambaye ni sheikh kijana aliyekuwa akiandika kila kitu, pamoja na wahadhiri waandamizi wanne ambao hawakutaka kukutana macho na mtu. Idrisa alikaa peke yake kwenye kiti cha mbele.

Subilaga alipopewa nafasi, aligawa pete mezani. Aliwaomba wazivae. Alikuwa ameleta kipande cha ukanda wa taa, akakiweka ukutani, nacho kikawaka kijani.

"Sitasema neno lolote la kumuumiza mtu," alisema. "Naomba tu mvute pumzi, mbane, na mkaze miguu chini ya meza. Hata wewe, Mchungaji, tafadhali."

Walisitasita, wakaangaliana, kisha wakafanya. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Nje mtu alikuwa akifyeka majani. Ukanda ulipita manjano bila kukawia, ukawa mwekundu wote, na kipaza sauti cha Makamu Mkuu kikatoa mlio mdogo kikajifunga.

Mhadhiri mmoja alicheka, akajizuia. Kwa dakika hiyo moja Subilaga aliamini kwamba ameshinda.

"Imetufundisha jambo," alisema Makamu Mkuu, akivua pete. "Imeonyesha kwamba inawezekana. Haijaonyesha kwamba ilifanyika."

"Profesa, mistari yote inashuka pamoja. Nimewapa chati."

"Watu wa imani moja wakisikia kufuru moja," alisema Mchungaji kwa upole, "kwa nini wasiumie pamoja?"

"Hakuna kufuru aliyosema. Alisema watu waliomba mvua."

"Daktari, hilo siyo lako kupima. Hata mtambo wako haulipimi."

Subilaga aliwageukia wahadhiri wanne. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa fizikia aliyemlalamikia mara nyingi kantini kwamba siku hizi hata umri wa nyota anautaja kwa kunong'ona. Huyo alikuwa akichora vimraba pembezoni mwa karatasi yake.

"Basi uzimeni mtambo," Subilaga alisema. "Mimi niliyeutengeneza nasema haufai. Nilikosea. Mwenye gari akisema breki ni mbovu, mnaendelea kupanda?"

"Hilo liandikwe kama pendekezo," alisema Makamu Mkuu, na sheikh akaandika. "Sasa turudi kwenye majina. Kamati imekubaliana kwamba siri ya pete za Ukumbi Mkubwa ifunguliwe, pande zote mbili, kwa ajili ya haki na kwa ajili ya malezi. Ufunguo wangu huu hapa." Aliweka kishikwambi chake mezani. "Lete wako, tumalize."

Idrisa aligeuka kwenye kiti chake akamtazama. Uso wake wote ulikuwa ombi, na Subilaga, aliyemfahamu kwa miaka mingi, hakuwa amewahi kumwona akiomba.

Alifungua kishikwambi chake. Ufunguo ulikuwa pale, mstari mrefu wa tarakimu ambao hakuwahi kuunakili popote, kwa sababu aliwaahidi watu kwamba hautanakiliwa. Aliufikiria mstari ule usio na jina, wenye joto. Alifikiria na mingine ambayo hakuikagua, miaka yote, madarasa yote, kila kijana ambaye damu yake ilikimbilia vidoleni kwa neno ambalo nyumbani kwao halitajwi. Kisha akafikiria kwamba huyu mzee aliyekaa mbele yake hana hatia, na kwamba anachotaka kufanya kitamzika.

Mtambo ulimuuliza kama ana hakika. Aligusa ndiyo.

"Umefungua?" aliuliza Makamu Mkuu.

"Nimefuta. Ufunguo wangu haupo tena. Wako peke yake haufungui chochote."

Ilichukua muda mpaka wakaelewa. Mchungaji ndiye aliyeelewa kwanza, na kwa mara ya kwanza upole ulimtoka usoni. Makamu Mkuu alianza kusema habari za mali ya chuo na hatua za kisheria. Subilaga hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akimtazama Idrisa, aliyesimama, akachukua mkoba wake, akaaga kamati kwa salamu kamili kama anavyoaga siku zote, na akampita yeye pasipo kumwangalia.

Saa moja baadaye uamuzi ulibandikwa. Profesa Ngwenje aliondolewa kazini. Somo lake lilisimamishwa mpaka litakapopitiwa na Baraza. Kuhusu Dkt. Mwaipaja, shauri lake litaanza mwezi ujao, na mpaka hapo ataendelea na vipindi vyake, kwa kuwa hakuna wa kuvishika. Na pete mpya zimeagizwa kwa mtengenezaji mwingine, zisizo na maneno yoyote ndani.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Idrisa. Mke wake, Bi Shamsa, alimkaribisha barazani, akamletea chai, akamwambia mzee amepumzika. Kupitia dirishani Subilaga alisikia kurasa zikifunuliwa. Alikunywa chai yote, akashukuru, akaondoka.

* * *

Jumatatu alikuwa na kipindi cha mwaka wa kwanza, Utangulizi wa Vipimo, Ukumbi Mkubwa. Kilikuwa kipindi cha lazima kwa vitivyo vyote, na ukumbi ulijaa. Ukanda wa taa ulikuwa kijani. Safu ya mbele walikaa wale wale wenye masweta, maana hawakuwa wakikosa kipindi, na Atuganile alikuwa kiti cha katikati, macho chini.

Subilaga alifungua maelezo yake ya jinsi joto linavyopimwa. Aliyatazama. Alikuwa amekifundisha kipindi kile mara nyingi kiasi kwamba angeweza kukisema akiwa usingizini, na ghafla hakuona ni kwa nini mtu yeyote akisikilize. Alifunga kishikwambi.

"Somo la Profesa Ngwenje lilikatika kabla halijaisha," alisema. "Mimi siyo mtu wa historia. Lakini nimesoma kitabu chake mwisho wa wiki, nitajaribu kuanzia pale alipoishia. Alisema wageni hawakukuta nyumba tupu."

Aliona wa safu ya mbele wakigusana mabega. Aliendelea. Alieleza kwamba kila kaya ilikuwa na mahali pa kuombea, kwamba wamisionari wa kwanza walikaa miaka bila kubatiza mtu, mpaka mmoja wao alipoacha kugombana na sikukuu za wenyeji akaanza kuzihudhuria. Alieleza hivyo bila ufundi, akirudi nyuma, akisahau majina. Mkono wa mtu safu ya mbele ulipanda ukagusa nyusi. Haukuwa wa Atuganile. Ukanda uliwaka manjano, kisha mwekundu, na sauti ya Subilaga ikatoweka kwenye spika.

Alijua sheria. Neno moja zaidi, na shauri la mwezi ujao halitakuwa na haja ya kusikilizwa.

Alishuka jukwaani akasimama sakafuni, mbele ya safu ya kwanza, akainua sauti yake mwenyewe. Ilikuwa sauti ndogo, haikuwahi kufunzwa kuimba wala kuhubiri, na alijua kwamba haifiki hata katikati. Nyuma kule waliona tu mdomo ukicheza. Waliomsikia vizuri walikuwa wale waliokuwa wamebana pumzi, na mmoja mmoja, kwa kuwa mwanadamu hawezi kubana pumzi milele, walikuwa wakianza kuhema.

"Basi yule mmisionari," alisema, koo likimkwaruza, "aliwauliza wazee wanashukuru lini, wakamwambia baada ya mavuno. Akaiweka sikukuu yake siku ile ile. Na mpaka leo makanisani watu wanapeleka malimbuko, na hata misikitini huku kwetu watu hupika siku hiyo wakagawana, na hakuna anayekumbuka ilianzia wapi. Ilianzia kwenye mavuno ya mahindi, watu walipo—"

Alisita. Hakuwa na hakika. Alijaribu kuukumbuka ule ukurasa, akaona ameupoteza, na uchovu wa wiki nzima ukamjia kwa pamoja. Alisimama pale mbele ya watu mia nne, bila kipaza sauti, bila kazi kwa hakika, bila rafiki, na bila hata kuliweza somo lenyewe.

"Siyo mahindi, Mwalimu."

Sauti haikuwa ya kupaza, lakini ilikuwa imezoea kwaya ya kanisani, na hata safu ya nyuma kabisa wakaisikia. Atuganile alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza, na wenzake wa pande zote mbili walikuwa wameinua nyuso kumtazama.

"Mahindi yalikuja baadaye," alisema. "Yalikuwa mavuno ya ulezi."

Subilaga alimtazama. "Endelea," alisema.

Binti aligeuka kuelekea kwa wale wa nyuma ili nao wasikie vizuri, akaendelea.